Spicer-Simson: Mwingereza aliyevusha boti mbili milimani hadi Ziwa Tanganyika

Mtu wa Kilembwe anayetaka kuona boti ya motere inapasua maji ni lazima ashuke kutoka sekta ya Lulenge hadi Baraka. Njiani anajua vizuri maana ya lori kukwama kwenye matope, na maana ya kushusha mzigo ili daraja la miti lisivunjike. Kwa hiyo msomaji wa Fizi hahitaji kuelezwa sana jambo ambalo afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza alilifanya mwaka 1915. Alichukua boti mbili za vita, akazipandisha mlimani kwa nchi kavu, akazishusha na kuziweka kwenye Ziwa Tanganyika.

Afisa huyo aliitwa Geoffrey Basil Spicer-Simson. Alifariki zaidi ya miaka 75 iliyopita, mbali sana na Kongo. Lakini kazi yake iligusa ziwa ambalo watu wa Baraka, Uvira, Kalemie na Kigoma wanalitumia kila siku, na moja ya meli za vita ile ilikuja kurudisha wakimbizi Wakongo nyumbani.

Afisa aliyeachwa nyuma

Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 Januari 1876 huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Ufaransa, na ndiyo sababu alizungumza Kifaransa vizuri, jambo lililomsaidia baadaye mbele ya maafisa wa Kibelgiji. Kaka yake Theodore alikuwa mchongaji wa medali. Yeye mwenyewe aliingia jeshi la majini akiwa kijana wa miaka 14.

Kazi yake haikuenda vizuri. Alipima mito na pwani, kwanza China na baadaye Gambia, na kazi hiyo aliifanya kwa ustadi. Lakini kwenye meli za vita alipatwa na ajali na makosa, na wenzake wakampita kwa vyeo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, alipewa kikundi cha meli ndogo kwenye pwani ya Uingereza. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo moja ya meli hizo, iliyoitwa Niger, ilizamishwa na Wajerumani wakati yeye yuko nchi kavu. Baada ya hapo alirudishwa ofisini London, kukaa mbele ya karatasi.

Alikuwa pia mtu wa majivuno. Alipenda kusimulia mambo makubwa aliyoyafanya, na wasikilizaji wake hawakuamini yote. Mwili wake ulikuwa na chale nyingi za nyoka na wanyama. Akiwa na umri wa miaka 39, hakuna mkubwa aliyekuwa akimtegemea kwa jambo kubwa.

Ziwa mikononi mwa Wajerumani

Wakati huo Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka wa vita. Upande wa mashariki walikuwa Wajerumani, wenye bandari ya Kigoma. Upande wa magharibi ilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilishambulia na kuharibu meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune. Tangu siku ile Wajerumani walitembea ziwani bila kuzuiwa, wakiwa na Hedwig na nyingine ndogo, Kingani. Mwaka 1915 waliongeza meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 70 hivi. Hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, na kuunganishwa upya Kigoma.

Mwindaji mmoja wa Kiingereza, John Lee, alikwenda London mwezi wa Aprili 1915 na wazo lake. Alisema boti ndogo zenye kasi zinaweza kufikishwa ziwani kupitia Afrika Kusini na Katanga. Wakubwa walikubali. Walipotafuta afisa wa kuongoza safari, wengi walikuwa vitani, na Spicer-Simson alikuwa pale ofisini.

Boti zilizochaguliwa zilitengenezwa na kiwanda cha Thornycroft kwa ajili ya Ugiriki. Kila moja ilikuwa ya mbao za mti wa kigeni uitwao mahogani, yenye urefu wa mita 12 na motere mbili za esansi. Mbele iliwekwa mzinga mdogo, nyuma bunduki ya rashasha. Spicer-Simson alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wakakataa. Ndipo akaziita Mimi na Toutou, majina ya mzaha ambayo Wafaransa huwapa paka na mbwa wa nyumbani.

Milima ya Mitumba

Waliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915, watu wasiofika 30. Kutoka Cape Town boti zilipakiwa kwenye treni hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kisha hadi Fungurume, mahali reli ilipoishia. Mbele yao kulikuwa na kilomita kama 235 za pori na mlima, hadi kituo kidogo cha Sankisia.

Safu ile ni Mitumba, ileile ambayo huku kwetu inapanda juu ya Fizi na Itombwe. Boti zililazwa kwenye magari ya magurudumu na kuvutwa na mashine mbili za mvuke. Mashine ziliposhindwa, ng'ombe walifungwa kamba. Ng'ombe waliposhindwa, watu walivuta. Walijengwa madaraja zaidi ya 100 ya miti na udongo. Walipanda hadi karibu mita 1,800, kisha ikaja kazi ya hatari zaidi, kushuka bila boti kukimbia na kuvunjika bondeni.

Mashine za mvuke zinakunywa maji, na ulikuwa wakati wa kiangazi. Kina mama wa vijiji vya njiani walibeba maji kwa mitungi kichwani ili mashine ziendelee. Wanaume walikata miti, wakachimba barabara, wakavuta kamba. Vitabu vya Waingereza vimeandika majina ya mabaharia wote waliotoka London. Majina ya Wakongo waliofanya kazi ile hayakuandikwa, ingawa bila wao boti zingebaki Fungurume.

John Lee hakufika mwisho. Spicer-Simson aligombana naye na kumfukuza njiani, na heshima ya safari ikabaki ya mtu mmoja. Mwisho wa Septemba walifika Sankisia. Treni ndogo iliwapeleka Bukama, wakashuka mto Lualaba ambao maji yake yalikuwa machache, boti zikifungiwa mapipa ili zielee juu zaidi. Kutoka Kabalo walipanda treni tena, na mwisho wa Oktoba walifika Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie.

Bwana Chifunga-tumbo

Huko Lukuga wenyeji Waholoholo walimwangalia mzungu huyu kwa mshangao. Kwa sababu ya joto, alivaa vazi kama sketi lililoshonwa kwa kitambaa cha jeshi. Alioga hadharani, na watu walikuja kuangalia zile chale. Wakampa jina la Bwana Chifunga-tumbo, yaani yule anayefunga nguo tumboni. Maafisa wa Kibelgiji walichoshwa na majivuno yake, na mabaharia wake walimcheka kwa siri.

Lakini boti zilikuwa tayari. Mimi iliingia ziwani tarehe 22 Desemba 1915, na Toutou siku iliyofuata. Asubuhi ya tarehe 26, Wazungu wakiwa kwenye sala ya Jumapili, Kingani ilionekana ikipita. Spicer-Simson aliiacha ipite, kisha akaifuata kwa nyuma. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu, na boti za Waingereza zilikuwa na kasi zaidi. Mapigano yalichukua dakika 11 hivi. Nahodha wa Kingani na wenzake kadhaa waliuawa, na meli ikatekwa.

Kingani ilifika ufukweni ikiwa na tundu na maji yamejaa ndani. Mafundi waliziba, wakatoa maji, wakatengeneza mitambo, wakaweka mzinga mkubwa zaidi. Meli iliyokuwa ya adui ikarudi ziwani ikiwa na jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ilikuja kutafuta habari za mwenzake. Fifi na Mimi ziliifukuza. Fifi ilikuwa nzito, hivyo Mimi ilikimbia mbele na kuisumbua Hedwig hadi Fifi ikakaribia na kuizamisha, ikiwa imebakiwa na makombora machache. Katika mapigano yote mawili, hakuna hata mtu mmoja wa Spicer-Simson aliyeuawa.

Ujasiri uliokwisha

Kesho yake Graf von Götzen ilitokea. Mabaharia walitaka kutoka. Spicer-Simson alikataa, na tangu siku hiyo mambo yake yalibadilika. Alisafiri kwenda kutafuta meli nyingine, akakaa hadi mwezi wa Mei. Mwezi wa Juni alitumwa Bismarckburg, leo Kasanga nchini Tanzania, kuwazuia Wajerumani wasitoroke kwa maji. Alipoona mizinga juu ya ngome alibaki mbali, na usiku Wajerumani wakaondoka kwa mashua. Baadaye ilijulikana kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao. Muda mfupi baadaye alirudishwa Uingereza akiwa mgonjwa.

Hata hivyo alipewa nishani na serikali ya Uingereza na ile ya Ubelgiji. Mwaka 1919 alifanya kazi kwenye mkutano wa amani wa Paris, na kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, kazi iliyomfaa kuliko vita. Alifariki tarehe 29 Januari 1947 huko Courtenay, Kanada. Habari za vita vyake zilimpa mwandishi C. S. Forester wazo la riwaya yake ya mwaka 1935, The African Queen, ambayo mwaka 1951 ilitolewa kama filamu. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa hapa Kongo, kwenye mto Ruiki. Boti iliyotumika, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1912, imekarabatiwa na bado inabeba watalii Florida, Marekani.

Chuma kinachotunzwa

Meli ambayo Spicer-Simson aliiogopa ndiyo iliyoishi kuliko zote. Wajerumani walipoondoka Kigoma mwezi wa Julai 1916, waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito ili maji yasiile, wakitumaini kurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kusafirisha watu kwa jina la Liemba. Mitambo ya mvuke ilifanya kazi kwa sababu ya ile grisi. Katika miaka ya 1970 iliwekewa motere za mazutu.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Liemba ilitumiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kuwarudisha Wakongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Familia nyingi za upande wetu wa ziwa zinaijua safari hiyo bila kujua kwamba chuma waliyoikanyaga ilikuwa ya vita ya 1915. Mwaka 2015 ilibeba Warundi waliokimbilia Kagunga. Sasa imezeeka.

Mimi na Toutou zilikuwa za mbao. Boti nyingi za kasi za leo ni za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini. Faiba haiozi, lakini wenye boti kuukuu wanajua ugonjwa wake: maji hujipenyeza hadi kwenye ubao uliofungiwa ndani, hasa sehemu ya nyuma inayobeba motere. Fundi hugonga kwa nyundo ndogo. Sauti ikiwa butu, hukata, hutoa ubao uliooza, hukausha kabisa, kisha hubandika tabaka juu ya tabaka. Anayepaka rangi juu ya unyevu anaficha ugonjwa tu, na siku ya mawimbi motere inaweza kung'oka pamoja na ubao wake. Kwenye ziwa ambalo limemeza watu wengi katika ajali, hilo si jambo la urembo.

Spicer-Simson alikumbukwa kwa dakika 11 za mapigano. Waliobeba maji Mitumba, walioziba tundu la Fifi na waliopaka Götzen grisi walikumbukwa kidogo sana, na bado mkono wa watu hao ndio uliofanya chombo kielee. Mgodi wa boti nzuri ni fundi wake, iwe Kigoma, Kalemie au Baraka. Abiria anayepanda leo kwenda Uvira anaweza kuuliza swali moja kabla ya kulipa nauli: mara ya mwisho boti hii ilitazamwa na fundi lini?