Bi. Joy Adamson: Mkono Uliofunzwa na Maua ya Chyulu

Likitajwa jina la marehemu Bi. Joy Adamson, wengi wetu humkumbuka simba wake Elsa. Ni wachache wajuao kwamba kabla ya simba bibi huyu alikuwa mchoraji, na kwamba uchoraji wake wa rangi aliuanzia katika vilima vya Chyulu, upande wa Makueni. Vilima hivyo si vigeni kwetu watu wa Mombasa. Mvua inyeshayo huko huzama katika mawe ya volkeno ikachomoza Mzima, na maji ya Mzima hutufikia sisi kwa bomba.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 mjini Troppau, katika dola ya Austria ya siku hizo, akaitwa Friederike Gessner. Ujanani alijaribu mengi, kinanda na uchongaji wa sanamu, wala hakutulia na hata moja. Mwaka 1937 alikuja Kenya, na melini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Huyo alimwoa baadaye, akampa jina la Joy, maana yake Furaha.

Mwaka 1938 wawili hao walikwenda Chyulu na msafara wa makumbusho ya Nairobi. Hapo ndipo Bi. Joy aliposhika brashi. Ua likishachumwa halingoji mtu; hunyauka na rangi yake hugeuka. Mchoraji hana budi kulitazama kwa makini, achanganye rangi zake upesi, na achore ua lililo mbele yake, si lile alilolizoea akilini. Mimi naona siri ya kazi yake yote imo humo.

Maua yake yalimpatia nishani ya dhahabu mjini London mwaka 1947. Tangu 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao ya asili. Picha hizo ni mamia, na leo ni ukumbusho wa mavazi na mapambo ambayo mengi yake hayavaliwi tena.

Elsa alifika mwaka 1956, mumewe wa wakati huo, George Adamson, alipoleta watoto watatu wa simba walioachwa yatima. Bi. Joy alimlea na kumchora. Jicho lililozoea kupambanua ua na ua halikushindwa kupambanua simba na simba. Kitabu chake cha mwaka 1960, Born Free, kilimweleza Elsa kama kiumbe mwenye tabia zake mwenyewe, na dunia ikampenda.

Aliuawa huko Shaba tarehe 3 Januari 1980. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na duma wake Pippa.

Najua wako miongoni mwetu wasioona vyema kuchora chenye roho. Hao wana maua, kama mafundi wetu wa milango ya Lamu walivyokuwa nayo, na mafunzo ya Chyulu yanawatosha. Na kijana atakaye kumchora paka wake kwa rangi, nampa shauri hili: asianze na paka. Achume ua la asumini asubuhi, alichore kabla halijanyauka, na kesho yake achume jingine. Siku atakayoona kwamba maua mawili hayafanani, basi na amwite paka.