Joginder Singh, fundi wa Kericho mwenye alishinda Safari na motokari ya okazyo

Kwenye barabara yenye inatoka Likasi kuenda Tshangalele, motokari mupya ni kitu cha kusimama na kuangalia. Nyingi zenye zinapita pale ni za okazyo. Zilikwisha kutembea Ulaya ao Japani miaka mingi mbele ya kufika huku. Fundi ananunua motere kwa mutu huyu, bwate ya vitesi kwa mwingine, kiisha anaziunganisha chini ya muti wa maembe. Na kati ya vijana wa garaji kuna wenye wanaota jambo kubwa zaidi: kujitengenezea motokari ya mbio, na feza kidogo yenye iko mufukoni.

Huko Marekani, motokari za namna ile zinaitwa hotrodi. Huku Afrika ya Mashariki, kuna mutu mumoja mwenye alionyesha kama kazi ile inawezekana, na alionyesha mbele ya fabrike kubwa za dunia. Jina lake ni Joginder Singh, wa Kenya. Alikufa mwaka wa 2013, lakini kule Kenya wazee wangali wanamuita Simba wa Kenya. Mwaka wa 1965 alishinda shindano la Safari na Volvo yenye wengine walikuwa wamekwisha kuitumia. Hakuanza na feza. Alianza na ufunguo wa garaji mukononi.

Mutoto wa garaji

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 kule Kericho, upande wa mangaribi ya Kenya, fasi yenye kuwa na mashamba makubwa ya chai. Baba yake, Battan Singh, alitoka Punjab, inchi ya India, na alikuwa na garaji pale Kericho. Familia ilikuwa kubwa, na Joginder njo alikuwa muzaliwa wa kwanza wa watoto.

Kenya ya wakati ule ilitawaliwa na Waingereza. Watu walitenganishwa kufuatana na rangi ya ngozi: wazungu na masomo yao, Wahindi na yao, Waafrika na yao. Wazee wa Likasi wanaelewa vizuri jambo lile, sababu hata huku, wakati wa Union Minière, kambi ya wafanyakazi ilikuwa upande wake na mitaa ya wazungu upande wake. Mutoto wa fundi Muhindi hakukuwa na njia fupi ya kuingia katika michezo ya matajiri. Njia yake ilipita chini ya motokari za watu wengine.

Alijifunza kazi katika garaji ya baba, kiisha katika garaji za Nairobi. Mwaka wa 1958, shirika la wenye motokari wa Afrika ya Mashariki lilimupa kazi: alikuwa mutu wa kwanza wa shirika lile kuzunguka barabarani na kusaidia wenye motokari yao imekufa njiani. Kazi ya namna ile inafundisha kitu chenye garaji haifundishe. Katika garaji, fundi anaona piyesi yenye imevunjika. Barabarani, anaona shimo lenye liliivunja, anaona mwendo wenye dereva alikuwa nao, na anapaswa kupata dawa palepale, na vyombo vyenye viko karibu.

Shindano lenye lilipanga motokari kwa bei

Shindano la Safari lilianza mwaka wa 1953. Wakati ule Malkia Elizabeti alikuwa anapewa taji kule Uingereza, na wazungu wa Kenya walitaka kufanya sikukuu yao. Kwa hiyo walikata njia ndefu sana, yenye ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yenye leo iko ndani ya Tanzania. Kwa miaka mingi njia ile ilikuwa inafika karibu kilometre 5,000, na ilifanywa wakati wa Pasaka, wakati mvua inanyesha.

Kuna jambo moja la mwanzo lenye linapendeza sana. Mashindano mengi yalikuwa yanapanga motokari kufuatana na ukubwa wa motere. Safari ya kwanza ilizipanga kufuatana na bei yake katika magazini. Motokari ya bei ya chini ilishindana na zingine za bei ya chini. Wenye kutayarisha shindano walitaka kujua swali moja la kila munuzi: katika barabara zetu hizi, ni motokari gani yenye itafika?

Na kufika hakukuwa kitu chepesi. Barabara hazikufungwa. Dereva alikuta ngombe, malori, watu wenye kutoka sokoni, mito yenye imejaa. Upande mumoja vumbi kama unga, upande mwingine matope ya kufika kwenye magoti. Mwaka wa 1963, motokari zaidi ya 80 zilitoka, na 7 tu ndizo zilifika. Mwaka wa 1968 jambo lilelile lilirudia: 7 tu.

Joginder aliingia mara ya kwanza mwaka wa 1959. Kwa miaka sita alishindana bila kushika nafasi ya kwanza. Lakini alikuwa anajifunza njia.

Volvo ya mugongo

Volvo PV544 haikukuwa motokari ya kutisha kwa kuiangalia. Ilikuwa na milango miwili na mugongo wa kuinama, umbo lenye lilifanana na Ford za Marekani za miaka ya 1940. Hata kwa wakati ule ilikuwa imekwisha kuzeeka: fabrike ya Volvo, kule Sweden, iliacha kuitengeneza mwaka ule ule wa 1965.

Lakini chini ya lile bodi la kizamani kulikuwa kazi ya nguvu. Motere yake ya litre 1.8 na silinda 4 ilijulikana kuwa ngumu, sababu vilebreke yake ilishikiliwa na kusine 5, pahali pa 3 kama katika motere ya mbele yake. Nguvu ilienda kwenye magurudumu ya nyuma. Hakukuwa mambo mengi ya kuharibika, na fundi aliweza kufikia kila kitu na mukono wake.

Ile yenye Joginder na ndugu yake Jaswant walikamata ilikuwa imekwisha kutumiwa katika mashindano na kikundi cha fabrike. Ilikuwa imetembea zaidi ya kilometre 60,000, na haikukuwa kilometre za lami na pole pole. Motokari yenye imepita katika mashindano inachoka ndani: mabati inaanza kufunguka kwenye sudire, resori zinalala, bulo zinalegea. Mutu mwenye feza angeiacha. Ndugu wale wawili waliichukua, wakaitengeneza na kuitayarisha wao wenyewe.

Ku Pasaka ya 1965 waliondoka Nairobi, Joginder kwenye usukani, Jaswant pembeni yake. Mvua ilinyesha. Motokari mupya za fabrike kubwa ziliharibika ao zilibakia katika matope, moja kiisha ingine. Ile Volvo ya okazyo ilirudi Nairobi ya kwanza, na yenye ilishika nafasi ya pili ilikuwa nyuma kwa zaidi ya saa moja. Tangu shindano lilianza, washindi wote walikuwa wazungu. Joginder na Jaswant ndio walikuwa wa kwanza wenye hawakukuwa wazungu, na Kenya ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili ya uhuru.

Feza iende kwanza wapi?

Hapa njo kuna somo kwa fundi wa Tshangalele.

Hotrodi za Marekani zilizaliwa na vijana wenye hawakukuwa na feza. Katika miaka ya 1930 na 1940, kule California, walinunua Ford za zamani kwa bei ya chini, zaidi sana zile za motere V8 zenye zilitoka mwaka wa 1932. Walitoa kila kitu chenye kilikuwa na uzito: garde-boue, kapo, viti vya nyuma. Walitengeneza motere ikuwe na nguvu zaidi, kiisha walienda kuzikimbiza kwenye maziwa yenye yalikauka, fasi chini ni sawa kama meza. Pale hesabu ni fupi: uzito kidogo, nguvu mingi, mbio.

Barabara ya matope na mashimo inabadilisha hesabu ile yote. Motokari ya Safari haikupunguzwa uzito tu, iliongezewa. Iliongezewa chuma kinene chini ya karteri ili jiwe lisitoboe motere. Iliongezewa resori na amortisere za nguvu. Ilibeba mipira ya kubadilisha, taa za usiku, kamba, jembe na vyombo. Motokari nyingi zilikuwa na fasi ya kukanyaga na ya kushika kule nyuma, ili musaidizi asimame pale na kutia uzito juu ya magurudumu yenye kusukuma, wakati inateleza katika matope.

Kijana mwenye feza kidogo, mara nyingi anaanza na motere. Ananunua yenye nguvu zaidi, sababu motere njo inasikiwa, njo inasifiwa na marafiki. Lakini nguvu ile inaomba vingine. Motere kubwa inaleta joto, kwa hiyo radiyatere ya zamani haitoshe tena. Nguvu inapita katika bwate ya vitesi na katika pon ya nyuma, na kama zile ni za motokari ndogo, zinavunjika. Mbio inaongezeka, lakini freni ni zilezile za zamani. Mwisho, feza yote iko ndani ya motere, na motokari imesimama kando ya barabara. Ao, mubaya zaidi, imeingia katika watu.

Mutu mwenye kutafuta kufika anapanga hesabu kwa upande mwingine. Kwanza freni na usukani, sababu ni uzima wa watu. Kiisha resori, amortisere na mipira. Kiisha bodi: kuangalia kila sudire, kila bulo, kila fasi yenye kutu imekula. Kiisha kulinda chini, na kufunga vizuri tiyo za esansi na za freni fasi mawe hayafike. Kiisha filtre ya hewa na radiyatere, juu ya vumbi na joto. Motere inakuja mwisho, na mara nyingi ile ya kwanza inatosha kama iko nzima. Karibu kazi hizi zote zinaomba muda na macho kuliko feza.

Maisha ya Joginder yanatoa ushahidi wa hesabu ile. Kutoka 1959 mupaka 1980 aliingia katika Safari mara 22. Alifika mwisho mara 19. Katika shindano lenye miaka fulani motokari 7 tu zilifika, hakuna bahati yenye inaweza kudumu hivyo.

Kutoka Volvo kufika Lancer

Kiisha 1965, watu walizania kama mambo ya motokari za okazyo yamekwisha kwake, na kama sasa atashinda kila mwaka. Haikukuwa hivyo. Alingojea miaka tisa. Mwaka wa 1969 alishika nafasi ya pili, na tena Volvo.

Mwaka wa 1974, wakati Safari ilikuwa imekwisha kuingia katika mashindano ya dunia nzima, alikuja na Mitsubishi Lancer ya litre 1.6. Mbele yake kulikuwa Porsche 911 ya Björn Waldegård wa Sweden na Lancia ya Sandro Munari wa Italia, madereva wenye dunia yote ilikuwa inaogopa. Joginder alikuwa na miaka 42. Alishinda, Waldegård alikuwa wa pili, Munari wa tatu. Mwaka wa 1976 alishinda tena na Lancer, na Lancer zingine mbili zilifuata nyuma yake. Kwa hiyo alikuwa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Kiisha yeye, Shekhar Mehta, muzaliwa wa Uganda, alipita hesabu ile kwa kushinda mara tano.

Kwa fabrike ya Mitsubishi, ushindi ule ulifungua mulango katika mashindano ya dunia. Motokari ndogo ya Japani, yenye watu wengi hawakuijua, ilitembea katika matope ya Afrika na ikarudi nzima. Kati ya sababu zenye zilifanya motokari za Japani zijae katika barabara za Afrika ya Mashariki, kupita vizuri katika Safari ni moja.

Joginder Singh alikufa kule London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

Huku Tshangalele hakuna Safari. Kuna barabara, kuna mvua, kuna samaki na mifuko ya makala yenye inapaswa kufika soko ya Likasi mbele haijaharibika. Kijana mwenye kununua bodi ya zamani mwaka huu, kiisha akatafuta motere kwanza, anaweza kupata sifa ya siku moja. Mwenye kulala chini ya bodi ile na taa, akahesabu bulo moja moja mbele ya kutoa franka ya kwanza, anafanya kazi yenye mutoto wa Kericho alifanya. Na kazi ile haiombe Volvo.