Andrew Foster, kiziwi aliyesomea ualimu ili viziwi wa Afrika wapate masomo

Tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka wa 1987, ndege ndogo iliyokuwa inaelekea Kenya ilianguka inchini Rwanda, karibu na Gisenyi, mji unaopakana na Goma. Kati ya waliokufa ndani yake alikuwamo Mmarekani mweusi wa miaka 62, kiziwi tangu utoto wake. Jina lake Andrew Foster. Wakati ule alikuwa amekwisha kuanzisha shule 31 za viziwi katika inchi 13 za Afrika, Zaïre ikiwa moja yao. Pengine wazazi wengi wa Kivu ambao mtoto wao anaongea kwa alama za mikono hawajapata kusikia habari zake, lakini alama nyingi anazotumia mtoto huyo zilipitia mikononi mwa mtu huyu.

Foster alizaliwa mwaka wa 1925 huko Ensley, karibu na Birmingham, katika jimbo la Alabama. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Mwaka wa 1936, Andrew akiwa na miaka 11, meninjite ilimpata yeye na kaka yake Edward. Walipona, ila masikio yao wote wawili hayakusikia tena.

Alabama ya wakati ule iligawa watu kwa rangi ya ngozi, na viziwi pia waligawanywa. Wavulana hao wawili walipelekwa Talladega, kwenye shule ya viziwi weusi. Masomo ya pale yaliishia mwaka wa 6. Ni kama vile hapa Kongo mtoto amalize shule ya msingi, kisha aambiwe kwamba kwake yeye njia imefika mwisho.

Akiwa na miaka 17 alihamia Michigan, kaskazini, kwa ndugu wa jamaa yake. Mchana alifanya kazi kiwandani, jioni alisoma. Katika miaka ile ndipo alipokata shauri la kwenda siku moja kufundisha viziwi wa Afrika. Shauri hilo lilitaka diploma, na diploma ilitaka chuo kinachofundisha kwa lugha ya alama. Marekani nzima ilikuwa na chuo kimoja tu cha namna hiyo: Gallaudet, mjini Washington, kilichofunguliwa mwaka wa 1864. Foster aliomba nafasi pale. Alikataliwa juu ya rangi yake.

Mtu mwingine angerudi kiwandani na kunyamaza. Yeye alitafuta njia za pembeni. Mwaka wa 1950 alipata diploma ya biashara na hesabu katika chuo kimoja cha Detroit, na mwaka uliofuata akapata cheti cha sekondari kwa masomo ya kutumiwa kwa posta. Mwaka huo huo wa 1951 Gallaudet ilimfungulia mlango, tena kwa kumlipia masomo. Alimaliza kwa miaka 3. Mwaka wa 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii katika chuo hicho, na digrii yenyewe ilikuwa ya elimu.

Kuchagua ualimu hakukuwa jambo dogo kwa kiziwi. Tangu mkutano wa walimu uliofanyika Milano, Italia, mwaka wa 1880, shule nyingi za Ulaya na Marekani zilishika wazo kwamba mtoto kiziwi afundishwe kusema kwa mdomo, mikono ikae chini. Kwa wazo hilo, mwalimu kiziwi hakuwa na faida, na wengi walipoteza fasi zao. Gallaudet ilikuwa moja ya vyuo vichache vilivyokataa kuacha alama. Kwa hiyo, kwa Foster, kuchagua chuo kulikuwa pia kuchagua upande.

Hakutosheka na digrii moja. Mwaka wa 1955 alipata digrii ya pili huko Ypsilanti, Michigan, juu ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Mwaka wa 1956 akapata nyingine huko Seattle, juu ya kazi ya umisionari. Vyeti vitatu kwa miaka mitatu! Leo jambo hili laweza kuonekana kama tamaa ya karatasi, lakini fikiria kiziwi mweusi anayeingia katika ofisi ya serikali au ya kanisa, miaka ile, kuomba ruhusa ya kufungua shule. Bila karatasi hizo, nani angempokea? Mwaka huo huo wa 1956 alianzisha shirika lake mwenyewe la kazi kati ya viziwi wa Afrika.

Alifika Accra mwaka wa 1957, mwaka uhuru wa Ghana ulipotangazwa. Wamisionari aliowakuta pale walimwambia kwamba viziwi hawako katika inchi ile. Walikuwako, ila walifichwa nyumbani, au waliitwa mabubu na wajinga, na hakuna aliyewahesabu. Foster aliazima chumba katika shule ya watoto wanaosikia, akafundisha baada ya hao kurudi kwao. Baada ya muda mfupi mamia ya jamaa walikuwa wanangojea nafasi. Mwaka wa 1959 shule yenye bweni ilifunguliwa Mampong, katika vilima vya Akuapem.

Mwaka huo huo, kwenye mkutano wa dunia wa viziwi huko Wiesbaden, Ujerumani, alikutana na Berta Zuther, Mjerumani, kiziwi kama yeye. Walioana mwaka wa 1961 huko Nigeria, wakazaa watoto 5. Nigeria alikuwa amekwisha kufungua shule katika miji ya Ibadan, Enugu na Kaduna.

Ibadan ndipo kazi yake ilipochukua sura ambayo wengi huisahau wanapohesabu majengo. Pale alifundisha walimu. Wengi wao walikuwa viziwi, watu wazima ambao vyuo vya ualimu vya inchi zao havikuwa na nafasi kwao. Walijifunza namna ya kuendesha darasa, kisha wakarudi makwao na kuanza, mara nyingi na benchi chache na ubao mweusi. Foster mwenyewe alikuwa akirudi Marekani kuzunguka makanisani kutafuta pesa. Katika inchi kadhaa serikali zilichukua shule hizo baadaye.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa lugha humlaumu. Alama alizoleta zilikuwa za Kimarekani, zikichanganywa na Kiingereza, na kwa inchi zetu, na Kifaransa. Si mbali na Mampong kuna kijiji cha Adamorobe, ambako viziwi walikuwa na lugha yao ya alama zamani kabla ya Foster kufika. Watoto wa kijiji hicho walipoingia shule walijifunza alama za shule, na lugha ya wazee wao ikaanza kupungua. Lawama hiyo ni ya haki. Ni kweli pia kwamba, juu ya alama hizo za pamoja, kiziwi wa Kinshasa anaweza leo kuelewana na kiziwi wa Cotonou au wa Lomé, bila mkalimani.

Mwaka wa 1970 Gallaudet ilimpa Foster udaktari wa heshima. Ajali ya Gisenyi ilimkuta bado yuko njiani. Berta na watoto walibaki Marekani, na shirika halikufungwa. Mwaka wa 2004 Gallaudet iliita ukumbi wake mmoja kwa jina la mtu yule iliyekuwa imemkataa.