Selim Bey, Askari Aliyevumiliwa

Katika mji wa Arua, uliozungukwa na nchi ya Waayivu, na kaskazini yake huko Koboko kwa Wakakwa, wapo watu waitwao Wanubi. Ni Waislamu, lugha yao, Kinubi, ilizaliwa na Kiarabu cha makambini. Ukichimbua asili ya wengi wao utawakuta Walugbara, Wakakwa na makabila mengine ya kandokando ya mto Nile. Hata hivyo, kwa muda mrefu wamehesabiwa kuwa wageni waliokaribishwa kwa kazi tu. Kisa chao hakielezeki vema pasipo kumtaja Selim Bey.

Selim alikuwa afisa Msudani katika jeshi la Misri, chini ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta. Khartoum ilipoangukia mikononi mwa Mahdi mwaka 1885, jimbo hilo lilitengwa na ulimwengu. Agosti 1888 askari waliasi wakamfunga Emin huko Dufile. Lakini majeshi ya Mahdi yalipoishambulia ngome hiyo Novemba mwaka huohuo, Selim ndiye aliyeongoza ulinzi hata adui akarudi nyuma.

Mwaka 1889 alikwenda kambini kwa Stanley, karibu na Ziwa Albert, kuomba muda wa kuwakusanya watu wake pamoja na wake na watoto wao. Stanley alimshuku kuwa anapanga hila. Aprili 10 aliondoka na Emin, na Selim akaachwa nyuma na watu wake, hawana serikali wala mshahara.

Septemba 1891 alifika Kapteni Lugard, wakala wa Kampuni ya Kiingereza, akitafuta askari. Selim, ingawa alikuwa katika dhiki, hakukubali kuiacha bendera ya Khedive wa Misri mpaka ruhusa iombwe Cairo, na Lugard akaafiki. Wakaongozwa kusini watu wapatao 8,000, wengi wao wanawake, watoto na watumwa, wakagawanywa katika ngome za Toro. Haki yataka isemwe kwamba wenyeji wa huko waliteswa sana na uporaji wao. Lakini ni nani aliyewaweka ngomeni bila usimamizi wa kutosha? Kampuni ilihitaji bunduki zao. Kuwatafutia ujirani mwema haikuwa shughuli yake.

Mwaka 1893 askari hao walihamishiwa Buganda, na Selim akawekwa Entebbe. Waislamu wa Buganda, chini ya Mwanamfalme Mbogo, walikuwa wakilalamika kwamba ardhi waliyogawiwa ilikuwa ndogo mno. Juni mwaka huo Selim alimpelekea Kapteni Macdonald ujumbe wa kumtetea Mbogo, akionya kwamba atakayempiga vita Mbogo atakuwa amempiga yeye pia. Kwa neno hilo moja, miaka yake yote ya utumishi ilisahaulika. Wasudani wa Kampala walinyang'anywa silaha pasipo risasi kulia. Selim, aliyekuwa mgonjwa, alikamatwa, akashtakiwa kwa uasi na kupelekwa pwani. Hakufika. Alifia njiani, Naivasha. Mbogo alipelekwa Zanzibar. Lugard baadaye aliandika kumtetea Selim, lakini utetezi huo haukumfaa tena marehemu.

Msomaji na apime hali ya mtu kama huyo. Kila siku hana budi kuthibitisha utii wake upya, na akinyamaza hushukiwa kuwa anaficha jambo. Akisema kuhusu haki ya ndugu zake wa dini, huitwa mwasi. Watu wanaoishi hivyo hawalali usingizi wa kutosha hata katika mwaka wa amani, na watoto wao hujifunza mapema kupima maneno.

Mwaka 1897 Wasudani waliasi kweli, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokoma na mshahara mdogo uliocheleweshwa. Idi Amin alipotawala, kuanzia mwaka 1971, Wanubi wengi walipata vyeo, na jirani zao hawakulisahau hilo. Serikali yake ilipoanguka Aprili 1979, jina la Mnubi lilitosha kumhatarisha mtu, awe alishika bunduki au aliuza vitambaa sokoni. Maelfu ya watu wa Arua na Koboko, Wanubi na wasio Wanubi, walikimbilia Sudan na Zaire.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliwaorodhesha Wanubi miongoni mwa makabila ya wenyeji wa nchi hiyo. Tangu Selim afe Naivasha, ilikuwa imepita miaka 102.