Booker Washington na Shule ya Bweni

Huenda wewe umejua kusoma ukiwa mtu mzima. Basi nataka nikueleze habari za mtu ambaye naye alipata kusoma kwa shida. Jina lake ni Booker Washington.

Booker alizaliwa utumwani huko Marekani, katika jimbo la Virginia, yapata mwaka 1856. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Mama yake alikuwa mpishi wa bwana shamba. Walikaa katika kibanda kisicho na sakafu, na watoto walilala chini juu ya matambara. Mwaka 1865 watumwa wote waliachwa huru. Mama akawachukua watoto wake, wakahamia kijiji cha Malden, ambako baba wa kambo alipata kazi ya kupakia chumvi katika mapipa.

Je, unajua alichosoma kwanza? Ni namba 18. Kila mpakiaji wa chumvi alikuwa na namba yake, na msimamizi aliiandika juu ya mapipa yake. Namba ya baba wa kambo ilikuwa 18. Booker aliitazama kila jioni mpaka akaweza kuiandika mwenyewe. Mama yake hakujua hata herufi moja, lakini alimtafutia mwanawe kitabu cha alfabeti. Shule ilipofunguliwa kijijini watu wote waliitaka. Hata wazee wa miaka 75 walikwenda kusoma usiku, kama ufanyavyo wewe.

Baadaye Booker alifanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Siku moja, humo gizani, aliwasikia watu wawili wakizungumza juu ya shule moja kubwa. Shule hiyo ilikuwa mahali paitwapo Hampton. Iliwapokea watu weusi, na maskini aliweza kulipia chakula chake kwa kufanya kazi. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo lingine.

Aliondoka mwaka 1872. Safari ilikuwa ya kilomita 800 hivi, na nauli haikutosha. Alitembea sana kwa miguu. Katika mji wa Richmond alilala chini ya njia ya mbao iliyo kando ya barabara, mfuko wa nguo ukiwa mto wake. Mchana alipakua shehena ya chuma melini ili apate chakula. Alipofika Hampton alikuwa na senti 50 tu, na nguo zake zilikuwa chafu.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mzungu, alimtazama, hakumkubali wala hakumkataa. Saa zikapita. Wengine waliitwa wakaingia. Mwishowe yule mama akampa ufagio, akamwambia afagie chumba kimoja. Booker alikifagia mara tatu, akafuta vumbi mara nne. Mama akaja na leso nyeupe, akaipitisha juu ya meza na ukutani. Hakuona vumbi. Booker akakubaliwa, akapewa kazi ya kutunza vyumba vya shule.

Sasa fikiri juu ya kijana huyu katika bweni. Kitanda chake kilikuwa na shuka mbili, naye hajapata kuona shuka maishani mwake. Usiku wa kwanza alilala chini ya zote mbili. Usiku wa pili alilala juu ya zote mbili. Ndipo akawatazama kwa siri wenzake waliolala chumba hicho, akajua kwamba mtu hulala katikati. Kula mezani kwa saa maalumu, kuoga kila siku na kupiga mswaki yalikuwa mambo mapya kwake. Soksi alikuwa na jozi moja. Alizifua usiku, akazianika karibu na moto ili azivae asubuhi.

Wanafunzi walipozidi, mabweni yakajaa. Mkuu wa shule, Jenerali Armstrong, akaomba wavulana wakubwa walale katika mahema wakati wa baridi ili wengine wapate nafasi. Karibu wote walikubali, na Booker mmoja wao. Usiku mwingine upepo uling'oa hema, wakabaki wazi.

Booker alimaliza masomo mwaka 1875, akawa mwalimu. Mwaka 1881 aliombwa kwenda Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kuanzisha shule. Tarehe 4 Julai alifungua akiwa na wanafunzi 30. Darasa lilikuwa kibanda kibovu. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwavuli.

Shule ilinunua shamba, na wanafunzi kutoka mbali wakaja kukaa. Hapo ndipo taabu zilipoanza. Chumba cha kulia hakikuwapo, basi walichimba udongo chini ya jengo, wakapata mahali pa giza pa kuweka meza. Chakula kilipikwa nje. Leo mkate umeungua, kesho chumvi imesahauliwa. Asubuhi moja msichana alikosa chakula, akaenda kisimani anywe maji. Akakuta kamba imekatika. Akasema kwa uchungu kwamba katika shule hii hata maji hayapatikani. Booker alikuwa karibu, akayasikia maneno yale. Yalimchoma sana.

Magodoro yalikuwa magunia yaliyojazwa majani makavu ya misonobari. Wakati wa baridi blanketi hazikutosha, na wengine walikesha wakiota moto. Asubuhi moja Booker aliuliza ni nani aliyeumizwa na baridi usiku ule. Mikono mitatu iliinuka. Hata hivyo hawakuondoka.

Majengo yalihitaji matofali, na pesa za kununulia hazikuwapo. Booker akasema watayafyatua wenyewe. Wanafunzi wengi hawakupenda. Walikuwa wamekuja kusoma vitabu, si kusimama katika tope mpaka magotini! (Nadhani hata mimi ningenung'unika.) Tanuri la kwanza liliharibika, na la pili pia. La tatu lilibomoka usiku wa manane likiwa karibu kuiva. Pesa zikaisha. Booker akaenda mjini Montgomery, akaweka saa yake rehani kwa dola 15. Tanuri la nne likaiva vizuri. Saa ile hakuikomboa tena, lakini hata majirani wazungu walikuja shuleni kununua matofali.

Si wote waliompenda. Watu weusi wengine wenye elimu, kama W. E. B. Du Bois, walimlaumu kwamba alihimiza mno kazi za mikono na hakudai kwa nguvu haki ya kupiga kura. Lawama hiyo ilikuwa na uzito, maana haki hiyo watu weusi wa kusini walinyang'anywa kweli katika miaka ile.

Mwaka 1915 Booker aliugua akiwa New York. Alijua kwamba hatapona, akaomba arudishwe nyumbani. Alifia Tuskegee tarehe 14 Novemba. Wakati huo shule ilikuwa na wanafunzi wapatao 1,500 na majengo zaidi ya 100. Walimzika hapo hapo shuleni, katika kaburi la matofali ambayo wanafunzi waliyafyatua na kuyajenga kwa mikono yao.