Griffin: Kijana wa miaka 26 aliyebaki baada ya mpira kuisha

Kama umekulia Nakuru, upande wa Kaptembwa au Rhonda, hawa wageni unawajua. Huja Julai na Agosti, likizo za kwao zikifika. Wamevaa fulana za rangi moja, mikoba mikubwa mgongoni, mipira mipya imejaa kwenye gunia. Wanacheza na watoto, wanapaka rangi ukuta wa darasa, wanafundishwa kucheza ngoma, wanapiga picha. Wiki ya tatu wanalia uwanjani huku wakimkumbatia kila mtoto. Halafu wanapanda gari, wanapitia ziwani kuona heroe na vifaru, na kesho yake wako kwenye ndege.

Mimi nilifanya kazi kwenye mradi mmoja wa aina hiyo. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekwama, niko nyumbani nahesabu mabati. Kazi yangu ilikuwa kuwatafsiria wageni, kupuliza filimbi na kuokota mipira ikitumbukia kwenye mtaro. Nilipenda ile kazi, sidanganyi. Siku moja, wageni walipokuwa wameshaondoka, mvulana wa kama miaka minane akanikalia kando na kuniuliza mimi nitaondoka lini. Hakuuliza kama nitaondoka. Aliuliza lini.

Nilicheka, nikamwambia mimi ni wa hapa hapa. Miezi minne baadaye nikapanda matatu kwenda Nairobi kutafuta riziki, wala sikumuaga.

Hiyo ndiyo sababu leo nataka tuongee kuhusu Geoffrey William Griffin. Wengi wetu tunalijua jina lake kama jina la shule tu, la picha ukutani. Lakini huyu jamaa alianza na kitu kile kile tulichokuwa nacho pale Kaptembwa: watoto wasio na pa kwenda na sehemu ya kuchezea. Tofauti ni kwamba yeye alibaki miaka 46.

Tuanze mwanzo. Griffin alizaliwa Eldoret tarehe 13 Juni 1933. Baba yake alikuwa afisa wa polisi wa serikali ya kikoloni. Kwa hiyo alikuwa Mzungu wa kuzaliwa Bonde la Ufa, wakati ambapo ardhi nzuri kuanzia Naivasha hadi Kitale ilikuwa imetengewa Wazungu, na Mwafrika alikuwa pale kama kibarua. Alisoma shule ya Prince of Wales, hii tunayoiita Nairobi School sasa. Baada ya hapo hakuenda chuo kikuu. Aliingia idara ya upimaji ardhi akiwa kijana mdogo. Ile Dkt mbele ya jina lake ni heshima aliyopewa baadaye, kazi ikiwa imeshaonekana. Nasema hivi kwa wale wenzangu waliokwama njiani na wanaona aibu kuulizwa wamesomea nini.

Mwaka 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Griffin akaingia jeshini, upande wa wakoloni, na alihudumu kama afisa wa ujasusi katika vita dhidi ya Mau Mau. Hapa tusipake rangi. Alikuwa upande ule. Lakini alichokiona huko hakikumpendeza, na muda wake ulipoisha alikataa kuendelea.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatokea huku kwetu wakati huo. Maelfu ya familia za Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu, Njoro, Molo, Elburgon, Subukia, walifukuzwa. Walipakiwa kwenye malori na magari ya moshi na kurudishwa maeneo ya Kati ambako wengi hawakuwa hata na kipande cha shamba. Baba anawekwa kizuizini, mama anahamishiwa kijiji cha lazima, mtoto anabaki njia panda. Watoto wengi wa wakati ule waliishia Nairobi, wakilala vichochoroni na kula walichookota. Wengine wakakamatwa na kufungiwa kambini pamoja na watu wazima.

Manyani ilikuwa mojawapo ya kambi hizo, kule karibu na Tsavo. Griffin alienda kufanya kazi huko, na humo ndimo alimokutana na wavulana waliokuwa wafungwa kabla hata hawajaota ndevu. Baadaye wavulana hao walihamishiwa Wamumu, upande wa Mwea, kwenye kambi iliyotengwa kwa ajili ya vijana peke yao. Wamumu walisoma, walijifunza ufundi, walicheza kandanda, walikuwa na bendi na skauti.

Sitaki kukuuzia Wamumu kama pikiniki. Ilikuwa kambi ya serikali ya kikoloni, na lengo la serikali lilikuwa kuwageuza wale vijana wawe watiifu. Wanahistoria wanaendelea kubishana juu yake hadi leo. Lakini Griffin alitoka huko na somo moja ambalo halikumtoka tena: mtoto aliyeitwa gaidi, ukimpa mpira, kitabu, kazi ya mikono na mtu wa kumsikiliza, anageuka kuwa mtoto tena.

Somo hilo hakulipata akiwa peke yake. Joseph Gikubu, aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau, alikuja kuwa mwenzake wa karibu. Geoffrey Geturo naye alikuwa nao. Hebu fikiria: afisa wa zamani wa jeshi la mkoloni na kijana aliyefungwa na mkoloni huyo huyo, wanakaa meza moja kupanga watoto wa mtaani watalala wapi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Griffin alipewa kazi ya kusimamia vilabu vya vijana nchini. Klabu ya aina hiyo haikuwa kitu kikubwa: mahali ambapo mtoto asiyesoma angecheza, kujifunza kuandika jina lake, na kupata ufundi kidogo. Lakini Nairobi ilikuwa na shida ambayo klabu haikuimaliza. Jioni ikifika mpira unaisha, mlango unafungwa, na yule mtoto anarudi kichochoroni. Ukimchezesha mchana tu, umempumzisha. Hujamsaidia.

Basi tarehe 14 Novemba 1959 watu hawa watatu, Griffin, Geturo na Gikubu, wakafungua kituo karibu na Pumwani na Kariokor. Walikuwa na vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za Shell na BP. Jina la mahali penyewe ni Starehe. Mabati mawili, njaa, watoto wa mtaani, halafu unaitwa Starehe. Griffin alikuwa na miaka 26.

Kutoka kwenye mabati hayo ikakua Starehe Boys Centre, shule ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa zile zinazoongoza kwenye mtihani wa kitaifa. Watoto wengi walisoma bila kulipa karo. Wenye uwezo walikubaliwa pia na wakalipa, na wote wakavaa sare moja na kufagia uwanja mmoja. Mtoto wa tajiri na mtoto wa Majengo walipanga foleni moja ya chakula. Peter Kenneth, aliyegombea urais mwaka 2013, ni mmoja wa waliopitia hapo.

Pesa zilitoka wapi? Nyingi zilitoka ng'ambo, na hapa ndipo nataka wale wanaopanga miradi wasikilize. Shirika la Save the Children la Uingereza lilikuwa mfadhili mkubwa kwa miaka mingi. Mpango ulikuwa rahisi: mtu mmoja kule Ulaya anamlipia mvulana mmoja hapa. Mtu huyo hakuja kupaka ukuta rangi. Pengine hata Nairobi hakuwahi kuiona. Lakini pesa ilifika muhula huu, na muhula ujao, na ujao tena, mpaka mtoto akamaliza. Mgeni alisaidia kwa kubaki, ingawa alikuwa mbali. Na waliokuwa wakishika funguo za geti kila asubuhi ni watu wa hapa.

Jambo la pili ni Baraza. Griffin alikuwa mtu wa nidhamu kali, hakuna anayelikataa hilo. Lakini aliweka kikao ambacho mwanafunzi yeyote angesimama na kulalamika hadharani kuhusu chakula, walimu, viranja, hata kuhusu mkurugenzi mwenyewe, na asiadhibiwe kwa alichosema. Lalamiko linajibiwa pale pale au linachunguzwa. Shule zetu huchomwa moto karibu kila mwaka, tunaunda tume, tunaandika ripoti. Huyu bwana aliweka viti tu na akasikiliza.

La tatu, aliwageuza waliosaidiwa wakawa wasaidizi. Wavulana wa Starehe hupelekwa likizoni kujitolea hospitalini, kwenye ofisi za umma na mashinani. Hawalipwi mshahara. Aliamini kwamba mtu aliyesomeshwa na wengine ana deni, na deni hilo halirudishwi kwa mfadhili bali kwa mtu anayefuata kwenye foleni.

Baada ya uhuru, serikali ya Mzee Kenyatta ilikuwa na vijana wengi wasio na kazi, kama sasa tu. Mwaka 1964 ikaanzishwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, na Griffin akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Alikuwa na kama miaka 31. Aliiongoza hadi 1988, huku akiendelea kuwa mkurugenzi wa Starehe. Hapo ndipo anaporudi kwetu Bonde la Ufa. Ukitoka Nakuru kwenda Naivasha unapita Gilgil, na Gilgil ndiko makurutu wa NYS wanakofundishwa gwaride na kuamka kabla ya jogoo. Kama mzazi wako aliingia chuo kikuu miaka ya 1980, muulize kuhusu Gilgil. Wakati huo mwanafunzi alipitia mafunzo ya NYS kabla ya kuona mlango wa chuo. Wengine watakusimulia wakicheka, wengine bado wana hasira.

NYS hii ya leo tunaijua zaidi kwa kesi za mabilioni yaliyopotea, na hayo yalikuja miaka mingi baada ya Griffin kuondoka. Lakini ni vizuri kujua kwamba ilianza kama wazo la mtu aliyekuwa ameshakaa miaka na watoto ambao hakuna aliyewataka.

Mwaka 2005 Starehe ya wasichana ikafunguliwa. Ilikuwa imechelewa sana ukiniuliza mimi, maana wasichana wa mtaani walikuwepo tangu 1959 na wao hawakupata hata kibanda cha bati. Lakini ilifunguliwa, na Griffin aliiona. Tarehe 28 Juni mwaka huo huo akafariki kwa saratani, akiwa na miaka 72, bado akiwa mkurugenzi. Akazikwa pale pale shuleni.

Sasa, sisemi kila anayecheza na watoto ajenge shule ya kitaifa. Wala sisemi wageni wasije. Yule mgeni wa wiki tatu anaweza kuwa na moyo safi kuliko mimi niliyekuwa mita mia mbili kutoka kwa yule mtoto na bado nikatoroka. Ninachosema ni kwamba mtoto anahesabu. Anahesabu nani alikuja na nani hakurudi, na baada ya muda anaacha kukariri majina yenu.

Kwa hiyo kabla hujaanzisha mradi wako, kabla ya fulana na nembo na ukurasa wa Instagramu, jibu swali moja: mwezi wa Februari, mvua hakuna, wageni hakuna, pesa hakuna, ni nani atafungua geti Jumamosi? Kama jibu halina jina la mtu wa mtaa huo, bado hujaanza.

Mimi nilirudi Nakuru mwaka jana. Yule mvulana sasa amenipita urefu na hajifanyi kunikumbuka. Kila Jumamosi saa tatu nipo uwanjani na mpira mmoja uliotiwa kiraka. Hajaniuliza tena nitaondoka lini. Lakini namwona akiangalia, na najua bado anahesabu.