Gunpei Yokoi, Fundi wa Vitu Rahisi

Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa baharia, alifariki mwaka 2021 akaacha mtoto mmoja wa kiume. Miongoni mwa vitu alivyomwachia ni kimashine cha kuchezea, cha rangi ya kijivu iliyokwisha geuka umanjano, chenye kioo kidogo na vifungo vichache, alichokinunua Dubai mwaka 1992, pamoja na kaseti zake tatu. Aliacha pia michezo ya kisasa ipatayo arubaini, ambayo aliinunua kwa fedha zake za halali katika duka la mtandaoni, mmoja mmoja, safari baada ya safari. Kile kimashine na kaseti zake kijana anavyo hadi hivi leo. Michezo arubaini hana hata mmoja. Wenye duka walituandikia kwa adabu nyingi kwamba akaunti ni ya yule aliyeifungua peke yake, haihamishwi wala hairithiwi.

Sikushika kalamu leo ili nilie mbele yako, msomaji. Nataka nikusimulie habari za mtu aliyekibuni kile kimashine cha kijivu, kwani katika kuulizauliza kwangu juu ya jambo hili nilikutana na jina lake, na kadiri nilivyomsoma ndivyo nilivyozidi kuona kuwa anastahili kujulikana na watu wa pwani. Jina lake ni Gunpei Yokoi.

Alizaliwa mjini Kyoto, Japani, tarehe 10 Septemba 1941, akasomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha kilicho mji huohuo. Mwaka 1965 aliajiriwa na kampuni ya Nintendo. Leo jina hilo likitajwa kila mtoto hutega sikio, lakini wakati ule ilikuwa kampuni ya karata, iliyoanzishwa mwaka 1889 kutengeneza hanafuda, yaani karata za Kijapani zenye picha za maua. Najua baadhi ya wasomaji watakunja uso hapa, maana karata hizo zilipendwa mno na wacheza kamari. Ni kweli, na sioni haja ya kuficha. Ila huyu bwana hakuajiriwa kubuni karata. Kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo inayozitengeneza isiharibike, na mitambo ilipokuwa mizima hakuwa na la kufanya.

Katika ule uvivu wa kazini akajichongea kidude cha kujifurahisha: vijiti vilivyopishana kama mkasi, ukivibana huku vinarefuka kule na kudaka kitu cha mbali. Siku moja mwaka 1966 mkubwa wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alipita kiwandani akakiona. Yamauchi hakuwa mtu wa mchezo mbele ya waajiriwa wake, na Yokoi alipoitwa ofisini alidhani atakaripiwa. Badala yake akaamrishwa akifanye kidude kile kiwe bidhaa ya kuuzwa. Kikaitwa Ultra Hand, na kiliuzwa zaidi ya milioni moja. Tokea hapo fundi wa mitambo akawa mbuni wa michezo.

Alibuni mengi baadaye. Mwaka 1969 alitoa chombo cha kupimia mapenzi, ambacho wawili hukishika huku wameshikana mikono na mshale ukapanda au ukashuka. Mwenyewe alikiri kuwa nia yake ilikuwa kupata kisingizio cha kushika mikono ya wasichana. Hilo tulipite.

Nisilotaka kulipita ni fikra yake, kwani ndiyo roho ya habari hii. Yokoi aliamini kuwa mbuni mwema hakimbilii ufundi mpya uliotoka jana. Ufundi mpya ni ghali, huharibika ovyo, na mafundi wenyewe hawajaujua vyema. Yeye alichukua ufundi uliokwisha zeeka, ambao kila kiwanda kinauweza na bei yake imeporomoka, kisha akautafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Ufundi wa namna hiyo aliuita ulionyauka. Mama zetu waliokuwa wakichukua kiporo cha wali wakatupikia kitu kipya asubuhi wangemwelewa mara moja.

Mfano wake wa kwanza mkubwa ulitokana na safari. Akiwa ndani ya lile treni la kasi la Kijapani, alimwona abiria mmoja, mtu mzima wa kazi za ofisi, amechoshwa na safari naye akibonyezabonyeza mashine ya hesabu ili kuua wakati. Yokoi akawaza: je, kama ingekuwapo michezo midogo kiasi hicho, ambayo mtu mzima angeweza kuicheza viganjani bila ya kuonekana? Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku chache baadaye dereva wa mkubwa wa kampuni hakuweza kufika kazini, na Yokoi ndiye aliyetakiwa kuendesha gari. Njiani, kwa kutafuta la kuzungumza, akaitaja ile fikra. Katika mkutano aliokuwa akienda, Yamauchi alikaa karibu na mkuu wa kampuni ya Sharp, waliokuwa wakitengeneza mashine za hesabu na vioo vyake. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Game & Watch, mchezo na saa katika kitu kimoja, mwezi wa Aprili 1980. Ziliuzwa zaidi ya milioni 43. Na katika mojawapo, ya mwaka 1982, Yokoi aliweka kile kifungo cha umbo la msalaba cha kuendea juu, chini, kushoto na kulia. Mtoto wako akishika chombo cha michezo hivi leo, cha kampuni yoyote ile, kidole gumba chake cha kushoto huenda kiko juu ya msalaba wa Yokoi au wa ndugu zake.

Sasa tufike kwenye kile kimashine cha kijivu. Game Boy ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989 kwa yeni 12,500, na Marekani ilitoka mwaka huohuo kwa dola 89 na senti 99, ndani ya boksi mkiwa na kaseti ya Tetris, mchezo wa matofali uliobuniwa Moscow mwaka 1984. Kioo chake hakikuwa na rangi ila vivuli vinne vya ukijani. Washindani walicheka. Atari walitoa chao chenye rangi mwaka huohuo, Sega wakafuata mwaka 1990, na ukiviweka pamoja Game Boy ilionekana kama gazeti lililolowa mbele ya sinema. Lakini vile vya rangi vilitaka betri sita, za zile tunazoziita mawe, na kile cha Sega kilizimaliza kwa saa tatu mpaka tano. Cha Yokoi kilitumia mawe manne tu, na yalidumu zaidi ya saa kumi. Mtu aliyewahi kununulia redio mawe mwisho wa mwezi hahitaji kuelezwa zaidi. Game Boy na dada yake ya rangi iliyofuata ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Moja iliungua katika Vita vya Ghuba, uso wote ukayeyuka, na kwa miaka mingi ilikaa katika duka la Nintendo mjini New York, ingali inawaka.

Mtaani kwetu Kibokoni kimashine cha ndugu yangu kilizunguka nyumba baada ya nyumba. Kaseti ziliazimwa, zikabadilishwa, nyingine zikauzwa na kununuliwa tena na mwenyewe yuleyule kwa hasara. Hakuna aliyemwandikia mtu Japani kuomba ruhusa.

Tulinganishe basi na sasa. Kwa miaka mingi mchezo mpya mkubwa ulikuwa dola 60, toka mwaka 2020 wengi ukapanda ukawa 70, na mwaka 2025 Nintendo hiyohiyo ikauza mchezo wake wa mbio za magari, Mario Kart World, kwa dola 80 kule Marekani. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi elfu 10, mchezo mmoja, bila ya mashine. Nisiwe mdhalimu: dola ya 1989 ilikuwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya dola ya leo, na hata enzi za kaseti zilikuwapo za dola 70. Kwa hiyo hoja ya bei peke yake haisimami imara kama vijana wanavyodhani. Kilichobadilika zaidi ni kile unachopewa baada ya kulipa. Mashine mpya ya Nintendo ya Juni 2025 ina baadhi ya kaseti ambazo ndani yake hamna mchezo, mna ufunguo tu wa kuushushia mchezo kutoka mtandaoni. Maduka ya mtandaoni ya mashine zao mbili za nyuma yalifungwa kwa wanunuzi tarehe 27 Machi 2023. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva za mchezo wake The Crew tarehe 31 Machi 2024, na waliokuwa wameununua wakaona umeondolewa mikononi mwao. Huko California imebidi itungwe sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, kuwataka wauzaji wamwambie mnunuzi wazi kwamba anachopata ni ruhusa tu.

Nililipeleka suala la michezo ya marehemu kwa mwalimu wangu wa fiqhi, mzee aliyenisomesha chuoni nikiwa mdogo, nikamwuliza kama imo katika mirathi. Akaniuliza yeye: alichokifanya ndugu yako kilikuwa nini? Nikasema alinunua. Akasema mwenye kununua humiliki, na akimiliki huuza, hutoa hiba, huweka wakfu, na akifa hurithiwa. Hili halimo humo. Nikasema basi alikodi. Akasema ijara hutaka muda ujulikane, na katika madhehebu yetu ya Shafi muda ukiwa haujesha hata mkodishwaji akifa warithi huendelea nayo. Nao muda haukutajwa. Lililobaki, akasema, ni azima, ambayo mwenyewe huitaka wakati wowote apendapo na ambayo hukoma kwa kifo. Lakini tangu lini, akauliza mzee, mtu akaazimwa kwa kulipishwa bei kamili? Sikuwa na jawabu. Mpaka leo sina.

Nisimfanye Yokoi kuwa mtetezi wa mambo haya, kwani hayakuwapo zama zake. Alikuwa mtu wa kampuni, na kampuni yake ilipenda faida kama nyingine zote. Naye alikosea, tena kosa kubwa. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, chombo cha kutumbukiza uso ndani na kuona picha nyekundu tupu zenye kina. Wengi kiliwaumiza vichwa na macho. Kiliuzwa chini ya laki nane, na hakikudumu mwaka sokoni. Hapa, kwa maoni yangu, alijisahau: alikimbilia jambo geni, lisilobebeka, lisilochezeka na wawili, kinyume cha yote aliyoyajua. Mwaka uliofuata, baada ya kutoa Game Boy ndogo zaidi, aliacha kazi Nintendo mwezi wa Agosti, baada ya miaka 31. Watu walinong'ona kuwa amefukuzwa kwa aibu, naye akakanusha. Alifungua karakana yake mwenyewe mjini Kyoto, akaiita Koto, akaanza kubuni mashine nyingine ndogo kwa ajili ya kampuni ya Bandai.

Hakuiona ikikamilika. Tarehe 4 Oktoba 1997, katika barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa, gari alilokuwamo liligonga lori kwa nyuma. Aliteremka kutazama madhara, na gari jingine lililokuwa likipita likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56. Mashine ile, WonderSwan, ilitoka Machi 1999 kwa yeni 4,800, ikitumia jiwe moja tu, na mmojawapo wa michezo yake ya kwanza ukapewa jina la Gunpey, kwa kumkumbuka.

Kaseti nazo si za milele, nikiri. Chumvi ya bahari yetu hula shaba, na kaseti zinazohifadhi mahali mchezaji alipofikia huwa na kijibetri ndani ambacho siku moja hufa, na kikifa kumbukumbu zote hufutika. Kaseti ya tatu ya ndugu yangu, ile ya Zelda ya mwaka 1993, ni ya namna hiyo. Ukiifungua hutokea jina la mchezaji, na jina lililo pale ni lake marehemu, aliloliandika mwenyewe.

Mwezi uliopita mwanawe aliipeleka kwa fundi wa redio Mwembe Tayari, nami nikamfuata. Fundi aliifungua, akakitazama kijibetri, akasema kimebakisha kidogo. Kukibadilisha kwa kawaida ni kufuta. Akafikiri. Kisha akachukua mawe mawili ya tochi, akayafunga nyaya, akazigusisha mahali pake ili umeme usikatike, na huku kijana ameshikilia nyaya zile bila ya kupumua, akakitoa kijibetri cha zamani akatia kipya. Alitoza shilingi 300. Tuliiwasha palepale kibandani, na jina lilikuwapo.